Sauti ya Betri Zilizochoka

Karema, 12 Februari 1996

Mdogo wangu Optatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote. Sisi huku Mungu anatushika. Muhogo umesimama, na migebuka mwezi huu wamekuwa wengi ziwani mpaka paka wanachagua. Mama hajambo, ila macho ndiyo yanazidi kufifia. Jumapili alimshika Padre mkono akidhani ni mimi, akamwambia, "Nishike vizuri, we mtoto, unaniangusha." Padre akamshika vizuri mpaka kwenye benchi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Redio ya Baba imeanza kukoroma. Ni ile ile ya mkoba wa ngozi, aliyorudi nayo kutoka mgodini Mpanda, wewe ukiwa bado unatembea uchi. Unakumbuka alivyokuwa anaifuta kwa kitambaa kabla ya kuifungua, na majirani wamekaa kimya kama wako kanisani? Fundi aliniambia ubovu si mkubwa, ni uzee tu. Bado inasema. Naifungua saa saba mchana, taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Mama hawezi kukosa vifo. Anasema msiba wa mtu ukipita bila wewe kusikia, ni deni na marehemu. Tukimaliza natoa betri zote nne, nazianika kwenye mkeka pamoja na dagaa, zinapata joto zinarudi nguvu. Mama anaziita mawe. "Umeanika mawe yangu?" Kila siku anauliza. Hizi zilizomo ziko tangu kabla ya Krismasi.

Jambo la pili unalijua. Mama anauliza unakuja lini. Mwaka huu ni wa saba tangu tumzike Baba, nawe hujakanyaga hapa. Mwaka ule treni ilikukwamisha, tulielewa. Lakini reli ilishatengenezwa, Optatus. Mama hasemi sana. Anasema tu, "Nitaomba nimwone kabla sijaitwa." Mimi nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza chumvi.

Dada yako,
Eufrazia

Dar es Salaam, 3 Aprili 1996

Dada yangu mpendwa Eufrazia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi wote tu wazima, ila joto la huku halina adabu. Barua yako ilichukua wiki sita kufika, imekaa njiani kama mtu anayetembea kwa miguu.

Nacheka habari ya Padre. Mwambie Mama nimemsikia.

Mimi bado namwendesha bosi. Sasa amenunua simu ya mkononi, Dada. Haina waya. Kubwa kama kandambili ya mtu mzima, na ina mkia wa kuvuta. Kazi yangu ya pili siku hizi ni kubeba betri zake, moja kiunoni, nyingine kwenye gari. Tukiwa mjini inafika alasiri. Tukitoka kidogo tu, tukikaribia Kibaha, inaanza kutafuta mawimbi, na kadiri inavyotafuta ndivyo inavyokwisha. Hapo bosi anapiga kelele, "Optatus, kanyaga mafuta turudi mjini, simu inakufa!" Watu wazima na gari zima tunakimbiza betri. Juzi wamemwonyesha nyingine, mpya, inashika haraka kuliko hii. Fundi akamwonya kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo inayokunywa zaidi. Bosi akasema mtu wa kisasa hanunui kitu kwa kuangalia betri.

Neno hilo limenikaa. Dada, acha Mama apumzike na hiyo redio inayokoroma. Nimeona moja dukani ya kaseti, ina spika mbili, inashika stesheni mpaka za Ulaya. Huku sasa kuna redio mpya za watu binafsi, muziki kutwa. Na uzuri wake zaidi ni kaseti: nitasema maneno yangu humo, Mama atanisikia mimi mwenyewe. Hatahitaji barua, wala hutahitaji kumsomea.

Kuhusu kuja, mwaka huu kazi zimebana. Tuombeane.

Mdogo wako,
Optatus

Karema, 26 Aprili 1996

Optatus,

Salaam nyingi katika Kristo mfufuka. Pasaka ilikuwa njema. Kwaya iliimba mpaka vumbi likashuka darini.

Nimemwombea bosi wako, maana anahitaji. Lakini nilipomsomea Mama barua yako aliuliza swali moja: "Hiyo simu ya tajiri, betri zake anabeba nani?" Nikamwambia anabeba Optatus. Akasema, "Basi." Mimi pia nasema basi. Bosi ana mtu wa kumbebea, ndiyo maana haangalii betri. Mimi redio ya kaseti, betri zake atanibebea nani? Makoye, yule Msukuma jirani yetu mwenye ng'ombe, ameuza dume akanunua dude la redio la spika mbili. Linataka betri nane. Sasa zilizochoka anazipanga kwenye mwanzi uliopasuliwa, anafunga waya, zinakuwa kumi na mbili, ndiyo linaamka. Analibeba na mwanzi wake begani kama anakwenda kuvua. Watoto wanamwita Bwana Mwanzi.

Na hizo stesheni zako mpya huku hazifiki. Tutakuwa tunachoma betri kutafuta kisichokuwepo, kama bosi wako Kibaha.

Usitume redio, mdogo wangu. Hiyo pesa yake ifanye nauli, ujilete mwenyewe. Mama hajaomba redio.

Eufrazia

Dar es Salaam, 9 Juni 1996

Dada,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Barua yako imenikuta nimeshanunua. Usinikasirikie. Sista Séverine wa kwenu alikuwa huku kwenye matibabu, anarudi na treni ya wiki hii, nimempa mzigo aulete mpaka Karema. Nimefunga na betri nane mpya. Nyingine nitatuma.

Kaseti imo ndani ya redio tayari. Nimeirekodi nyumbani kwa Salvatori, yule wa Mpanda tuliyesoma naye. Tulifunga madirisha ili magari yasiingie. Nimesema upande mmoja wote. Mwanzoni utanisikia nakohoa katikati ya maneno, ni vumbi la hilo kapeti lake, msiogope.

Naomba jambo moja. Yale maneno ya mwishoni, Mama ayasikie yote. Usizime kabla. Halafu niandikie alisema nini.

Optatus

Karema, 20 Julai 1996

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sista amefika salama na mzigo umefika salama, hata mkwaruzo hauna. Kweli ni redio. Inang'aa mpaka kuku walijitazama wakapigana na vivuli vyao. Jumuiya nzima imekuja kuiona. Katekista akasema, "Mama Eufrazia, sasa umekuwa mjini," Mama akamjibu, "Mji umekuja na miguu yake, mimi sijatoka."

Mpunga wa shemeji zako wa Mpimbwe umevunwa vizuri, wametuletea debe. Mama anakula kidogo. Miguu inamvimba. Dawa ya zahanati inampa usingizi tu.

Asante sana kwa yote. Mungu akurudishie.

Eufrazia

Dar es Salaam, 30 Agosti 1996

Dada Eufrazia,

Nashukuru mzigo umefika. Nimefurahi habari ya kuku na ya katekista. Lakini barua yako nimeigeuza mbele na nyuma, kaseti hujaitaja. Mama ameisikiliza? Alisikia mpaka mwisho? Alisemaje?

Nimempa dereva wa lori la Mpanda betri kumi na sita, zitafika mwezi ujao. Kama shida ni betri, isiwe shida tena.

Optatus

Dar es Salaam, 4 Oktoba 1996

Dada,

Sijapata jibu. Kama Mama amekasirika, niambie tu. Mimi ni mtu mzima.

O.

Karema, 15 Oktoba 1996

Mdogo wangu Optatus,

Amani kwako. Nisamehe kukaa kimya. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona nitakuumiza, naiweka. Sasa nimetoka kwenye ibada ya rozari, moyo umepata nguvu, nikueleze yote kama yalivyo.

Siku ile Sista alipoileta tulikaa wawili tu, Mama kwenye kigoda chake, mimi chini. Nikabonyeza. Ukasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Mama, ni mimi Optatus." Mama akajibu, "Milele, Amina," kwa sauti, kama umesimama mlangoni. Kila ulilosema akawa anakujibu. Ukamwuliza habari ya miguu, akaanza kukueleza mguu wa kulia kwanza, na wewe ukawa umeshapita kwenye habari za watoto. Akakukemea: "Ngoja nimalize, we!" Nilicheka mpaka nikalia. Kule mwisho, yale maneno yako, sikuyasikia vizuri, maana alikuwa bado anakugombeza. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba aliyasikia.

Basi, kila siku akataka irudiwe, na kila siku akakugombeza hivyo hivyo mpaka mwisho. Na majirani nao wakaja na kaseti zao za kwaya. Ungekuwepo ungeogopa hizo betri zinavyokwenda. Redio ya Baba inatusomea vifo miezi mitatu kwa betri nne. Yako ilimaliza nane kwa siku tisa. Siku ya tisa nikaweka kaseti yako, mashine ikaanza kuchoka. Sauti yako ikawa inaburuta. Ikashuka, ikawa nzito, maneno yanatoka moja moja kama mtu anapanda mlima. Nikanyoosha mkono nizime.

Mama akanishika mkono. Akasema, "Acha. Huyo ni Makarius."

Optatus, niliurudisha mkono. Alikuwa ni Baba. Kule kuvuta kwake maneno, kama alivyokuwa anasema akiwa amerudi kutoka mgodini amechoka, ameketi kuvua viatu. Hata kile kikohozi chako cha kapeti kilitoka kikohozi chake cha asubuhi, kile kilichokuwa kinatuamsha twende kuchota maji. Sisi wote tunajua una sauti ya Baba, lakini wewe unaiharakisha. Betri zilipochoka zikaipunguza mwendo, akatokea yeye.

Mama hakumgombeza hata neno. Alimsikiliza mikono iko mapajani. Mwisho, nami nikasikia sasa, ile sauti ikasema polepole, "Nisamehe. Sikuwepo." Mama akamjibu, "Nilishakusamehe zamani, Baba Eufrazia. Mgodi ndio ulikuchukua." Akamwambia na mengine ambayo si ya kuandika kwenye barua.

Betri zako kumi na sita zilikuwa hazijafika. Nilimwomba Makoye, akanipa nane mpya za kwake, nikaweka, ili Mama akusikie wewe. Ukasema vizuri kabisa, upesi upesi. Mama akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Huyu ni mtoto. Amesema vizuri. Sasa nirudishie mwenzangu."

Ndiyo shughuli yangu tangu mwezi wa saba. Watu wengine wanatafuta betri mpya dukani, mimi nazunguka kuomba zilizokufa nusu. Makoye ananichagulia kutoka kwenye mwanzi wake. Nazianika kwenye mkeka wa dagaa kwa kipimo. Nikizidisha jua, unatoka wewe. Nikipunguza, hasemi mtu. Kipimo chake ni jua la rozari moja, bila litania. Nilimwuliza Padre kama tunaita wafu. Akaja kusikiliza, akacheka, akasema, "Mama, hizo ni betri." Lakini alivua kofia.

Hizo kumi na sita zilizofika nimezitengea redio ya Baba, nne nne. Vifo tutasikiliza mwaka mzima.

Sasa umejua. Nilificha kwa sababu ulituma sauti yako na hatuitumii. Usiumie.

Dada yako,
Eufrazia

Dar es Salaam, 10 Novemba 1996

Dada yangu,

Bwana awe nawe. Barua yako niliisoma ndani ya gari, bosi akiwa mkutanoni. Alipotoka akaniuliza nimefiwa na nani. Nikasema Baba. Akasema pole, lini? Nikasema miaka saba. Simu yake ikaita.

Sikuumia vile ulivyodhani. Nimeumia kwingine, na sasa nami nitoe langu.

Yale maneno, "Nisamehe, sikuwepo," hayakuwa ya kaseti tu. Dada, mwaka ule reli haikukatika. Maji yalikuwepo, lakini treni ilipita. Nilikuwa nimenunua redio kubwa, ya betri nane, ndiyo kwanza nimepata mshahara wa udereva. Kila jioni nyumba ilikuwa disko, majirani wanasema Optatus ameendelea. Salvatori alinishauri ninunue ndogo ya betri mbili, nikamcheka, nikasema hiyo ni ya walinzi. Katikati ya mwezi betri zikaisha. Nikasema nitanunua mwisho wa mwezi. Nikaifunika kitambaa cha kufuma, ikakaa pale mezani kama maiti.

Mlinitangazia mara tatu. Najua kwa sababu Salvatori alisikia, kwenye redio yake ndogo. Alikuwa safarini Morogoro, alidhani nimeshaondoka. Aliponiona siku ya tano nanunua nyanya sokoni, alisimama tu. Akasema, "Optatus, wewe bado uko hapa?" Hapo ndipo nilipojua Baba amekufa. Nyie mlikuwa mmeshamzika siku tatu.

Niliona haya kuandika kwamba Baba yangu ametangazwa nchi nzima nami nimekaa na redio kubwa kuliko ya mtaa wote, haina betri. Nikaandika reli. Baada ya hapo kila likizo nikiwaza kupanda treni, nawaza nikifika Mama ataniuliza mlikwama stesheni gani.

Ile redio niliiuza mwaka huo huo. Hii ya Mama niliinunua nikidhani kilichonikosesha Baba kitanipeleka kwa Mama. Sasa msamaha nilioomba amepewa Baba. Simwonei wivu, alale salama. Ila mimi nimebaki na kosa langu.

Niambie nifanye nini. Na umsomee Mama au usimsomee, utakavyoona.

Optatus

Karema, 28 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Padre anapeleka gari Mpanda leo hii, ndiyo maana naandika kwa haraka na mwandiko unalewa.

Nilimsomea. Nilisoma yote, hata nyanya.

Optatus, Makoye alihamia hapa mwaka ule ule. Wiki tuliyomzika Baba, Makoye alishuka Mpanda na treni kutoka Tabora, akafika Karema na vumbi lake, akaketi matanga nasi bila kutujua. Barua yako ya reli ilipokuja, tuliisoma yeye akiwa hapo hapo anakunywa uji. Akafungua mdomo. Mama akamwongezea uji. Kwa hiyo tumejua miaka saba, wewe tu ndiye hukujua kwamba tunajua. Mimi nilikasirika mwaka mzima, nakiri. Mama sikumsikia akilitaja hata siku moja. Ila tangu hapo ndipo alipoanza kutokosa matangazo ya vifo. Anasikiliza kwa niaba yako.

Nilipomaliza kusoma nikamwambia, "Mama, Optatus anaomba umsamehe." Akasema, "Kwa barua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa kaseti ameshaomba babake. Kwa barua unaomba wewe Eufrazia. Yeye ataomba lini?"

Miguu imevimba mpaka magotini sasa. Zahanati wamesema tusimsafirishe. Hajakata tamaa, anakula uji, anasali, anauliza mawe yake. Lakini usingoje likizo.

Eufrazia

Dar es Salaam, 9 Desemba 1996

Dada,

Nimemwomba bosi ruhusa. Alikuwa anahangaika na simu yake mpya, ile yenye nguvu, imemfia mkononi saa nne asubuhi. Akasema, "Nani atabeba betri?" Nikamwambia, "Wewe, Bosi." Akacheka, akanipa wiki tatu.

Napanda treni ya Jumatano. Mpanda nitalala Kashaulili kwa shangazi wa Salvatori, asubuhi nipande lori lolote la Karema. Barua hii nampa kondakta wa treni inayonitangulia, ili isichelewe kama mimi nilivyochelewa kwenu.

Sileti redio wala betri mpya. Nimebeba kilo ya sukari ya Mama na shati jeupe la Makoye, mwambie ni la uji ule.

Hizo betri zilizochoka usizitupe. Zianike kwa kipimo kile kile, jua la rozari moja, nami nataka kuketi hapo chini nimsikie Baba. Kaseti tumwachie yeye. La kwangu nitalisema kwa mdomo, na Mama akinikatiza habari ya mguu wa kulia, nitangoja amalize.

Mdogo wako,
Optatus